GX110 na Mark X: mbio ni jambo moja, kushika barabara ni jingine

Tulitoka Mtwara alfajiri kwenda Masasi kwenye msiba, mimi na Toyota Mark II GX110 yangu, shemeji na Toyota Mark X aliyoinunua mwaka jana. Kila gari lilikuwa na watu wanne na mizigo yao. Mpaka Mnazi Mmoja tulifuatana. Tulipokata kushoto kuelekea Mtama mambo yakabadilika: kila tulipokuta malori matupu yanayorudi upande wa Songea kuchukua makaa ya mawe, yeye alikanyaga mara moja na kupotea, mimi nikabaki nyuma nikisubiri barabara ifunguke zaidi. Lakini kwenye kona za kuelekea Ndanda nilimkuta tena. Alikuwa anakwenda taratibu, taa za breki zinawaka kabla ya kila kona, na mkia wa gari unayumba kidogo kila anapokata usukani.

Masasi, tulipokuwa tunanawa mikono kabla ya chakula, akaniambia, "Shemeji, hili gari lina nguvu, lakini kwenye kona linanitia hofu. Lako la zamani linapita kama limeshonwa kwenye lami. Au nimeuziwa gari bovu?"

Nimelifikiria swali lile kwa muda mrefu, kwa sababu ndilo linalobishaniwa kila siku kwenye magereji yetu, na mara nyingi ubishi hauishi kwa kuwa maswali mawili yamefungwa fundo moja. "Ipi inakimbia?" ni swali la injini, giaboksi na uzito. "Ipi inashika barabara?" ni swali la tairi, springi, shokapu, na vipande vya mpira ambavyo mwenye gari hajawahi kuviona. Gari linaweza kushinda la kwanza na kushindwa vibaya la pili.

Tuanze na mbio, maana huko hesabu iko wazi.

GX110 ilitoka mwaka 2000 na ikauzwa mpaka 2004, Mark X ilipochukua nafasi yake. GX110 tulizonazo nyingi zina injini ya 1G-FE, silinda sita kwa mstari, lita 2.0, nguvu za farasi 160. Mark X ya kwanza, GRX120, ina 4GR-FSE, V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 2.5, farasi 215. Tofauti ni farasi 55. Ukiishia hapo umeshamaliza ubishi, na ndipo wengi wanapoishia. Lakini farasi hawavuti hewa, wanavuta kilo. GX110 ina uzito wa kama kilo 1,400, Mark X kama 1,500. Gawanya: kila farasi wa GX110 anavuta karibu kilo 8.8, wa Mark X anavuta karibu kilo 7.

Sasa weka watu wanne na mizigo, tuseme kilo 400, kama tulivyokuwa siku ile. Farasi wa GX110 sasa ana kilo 11 na zaidi mgongoni. Wa Mark X ana kilo 8.8. Rudi juu uangalie namba hiyo: Mark X iliyojaa watu inavuta kwa uwiano uleule wa GX110 iliyo tupu, hata dereva bado hajapanda. Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara mbili, kisha nikaelewa kwa nini shemeji alikuwa anapita malori kwa pumzi moja. Kazi inayoichukua Mark X sekunde 8, GX110 yenye mzigo uleule itaifanya kwa kama sekunde 10.

Sekunde mbili ni nyingi kuliko zinavyosikika. Lori linakwenda 60, wewe unalipita ukiwa 90. Tofauti ya mwendo wenu ni kilomita 30 kwa saa, yaani kama mita 8 kwa sekunde. Kuanzia nyuma ya lori mpaka urudi salama upande wako unahitaji kulizidi kwa mita 60 hivi, ukihesabu urefu wake na nafasi ya mbele na nyuma. Hizo ni sekunde 7, na ndani ya sekunde 7 umekula mita 180 za barabara. Anayekuja mbele kwa 90 naye amekula mita 180. Jumla ni mita 360 ambazo lazima uzione kwa macho yako, zikiwa tupu, kabla hujatoka. Hapo tumechukulia kwamba tayari ulikuwa 90 ulipoanza. Kama ulikuwa umebanwa nyuma ya lori kwa 60, kila sekunde ya kujivuta inaongeza umbali huo. Ndiyo maana mimi na GX110 yangu huwa nasubiri. Sioni aibu kusubiri.

Kuna namba nyingine ambayo watu hawaitaji, nayo ni ya msokoto, ile nguvu ya kuzungusha tairi. 1G inatoa nyutoni-mita 200 ikifika mizunguko 4,400 kwa dakika. 4GR inatoa 260, na inazifikia mapema zaidi, kwenye 3,800. Dereva wa kawaida hafiki mizunguko 6,000 ambako farasi wote huamka. Anaishi kati ya 2,000 na 4,000, na huko pia Mark X inamuacha mwenzake. Halafu giaboksi: GX110 ya otomatiki ina gia nne, Mark X inayosukumwa na tairi za nyuma ina sita. Gia sita zinaiwezesha kuwa na gia ya kwanza nzito ya kuondokea na gia ya mwisho nyepesi ya safari ndefu, bila mapengo makubwa katikati. Kwenye GX110 ukikanyaga ghafla ukiwa 80, giaboksi inashuka, injini inapiga kelele, na mwili wa gari unafikiri kidogo ndipo uende.

Jambo moja linalotupendelea wote tunaoishi pwani: injini hizi hazina tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), zinavuta hewa kwa mapafu yao wenyewe. Kila unapopanda mita 1,000 injini ya aina hii hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. GX110 ya Mtwara mjini ina pumzi kuliko GX110 hiyohiyo ikiwa Mbeya. Anayehama kutoka huko huja akidhani fundi wake wa mwisho alikuwa bingwa, kumbe ni bahari.

Lakini namba zote nilizotaja ni za gari jipya, na hakuna GX110 iliyo chini ya miaka 20. Injini inazeeka, na hizi mbili hazizeeki kwa namna moja. Kwenye 1G petroli hunyunyiziwa kwenye njia ya hewa, nyuma ya vali, kwa hiyo kila tone linapopita linaziosha. Kwenye 4GR nozeli ziko ndani ya silinda yenyewe. Uchomaji unakuwa mzuri, ndiyo maana imeweza kubana hewa kwa uwiano wa 12 kwa 1 wakati 1G iko 10 kwa 1, ila vali za kuingiza hewa hazipati tone la petroli maisha yao yote. Mvuke wa oili unaganda juu yake, unakuwa masizi magumu, na njia ya hewa inazibwa kidogo kidogo. Lexus IS250 inayotumia injini hiyohiyo inajulikana kwa tatizo hili. Gari linaanza kutetemeka kwenye sailensi, yaani injini inaunguruma gari limesimama, linachelewa kuitika, na mwenyewe haoni kwa kuwa limepungua polepole kwa miaka. Mark X ya namna hiyo inaweza kupitwa na GX110 iliyobadilishiwa plagi na koili kwa wakati, na mwenye GX110 akaenda kutangaza mjini kwamba Mark X ni jina tu. Alishindana na masizi, si na gari.

Na ukinunua GX110, uliza mkanda wa taiming, ule unaoendesha vali, ulibadilishwa lini. 4GR ina cheni. Hilo halihusu mbio, lakini siwezi kulipita kimya.

Sasa kona.

Gari likiingia kwenye kona, mwili wake unataka kuendelea mbele moja kwa moja. Kitu pekee kinachoulazimisha kugeuka ni viganja vinne vya mpira, sehemu za tairi zinazogusa lami, kila kimoja karibu ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Na kazi ya viganja hivyo haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Kona uliyoipita kwa 80 ukaipita kwa 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, ila mzigo wa tairi umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Farasi 215 hawana msaada wowote hapo. Wanachofanya ni kukufikisha kwenye kona ukiwa na mwendo mkubwa zaidi kuliko ungefika nao ukiwa na 160.

Viganja vikielemewa, gari linafanya moja kati ya mawili. Tairi za mbele zikishindwa kwanza, umekata usukani lakini pua inakataa, gari linakwenda nje ya kona. Tairi za nyuma zikishindwa kwanza, mkia unachomoka na gari linataka kujizungusha. Magari yote mawili yanasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo yote yanaweza kufanya la pili ukikanyaga mafuta vibaya katikati ya kona yenye maji. Mark X inaweza zaidi, kwa sababu ina nguvu zaidi za kuzifumua tairi hizo. Mvua zetu za Kusini huanza mwishoni mwa mwaka baada ya miezi mingi ya ukavu, na ile mvua ya kwanza inapochanganyika na vumbi na oili iliyolala barabarani, lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Siku hiyo mguu wa kulia uwe mwepesi.

Kwa ubunifu, lipi ni bora? Hapa nitasema wazi: Mark X. Injini yake ya V6 ni fupi na bloku yake ni ya alumini, wakati ya GX110 ni ndefu, sita kwa mstari, na bloku ya chuma. Urefu huo unasogeza uzito kwenye pua. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni milimita 2,850 kwa Mark X na 2,780 kwa GX110, na gari lenye hatua ndefu hutulia zaidi kwenye kona kubwa za mwendo. Tairi za Mark X ya toleo la 250G zina upana wa milimita 215, za GX110 za kawaida 195. Mbele zote zina mikono miwili kila upande, vyuma vinavyoshikilia tairi kwenye gari, wa juu na wa chini. Nyuma GX110 inaendelea na mpangilio huo, Mark X ina mikono mingi zaidi inayojitegemea, na faida yake ni kwamba tairi inabaki wima vizuri hata gari likilala upande. Kitu kimoja ambacho bado nakipenda kwenye GX110 ni usukani wake wa haidroliki. Wa Mark X ni wa umeme, mwepesi mjini, lakini ule wa zamani unakuambia lami ikoje kupitia vidole vyako.

Basi kwa nini shemeji alikuwa anaogopa?

Jumatatu tulilipeleka gari kwa fundi mmoja kule Chikongola, Mtwara. Nilitaka niwepo, maana nilishaanza kuwa na hisia yangu. Fundi hakuwasha injini hata kidogo. Alilipandisha kwa jeki, akaweka vigogo, akalala chini na mtaimbo mdogo na tochi ya simu. Akaingiza ncha ya mtaimbo kati ya mkono wa nyuma na fremu, akabana taratibu.

"Mzee, njoo uone hapa," akamwita shemeji.

Tukainama. Pale mkono unapofungwa kuna bushi, mviringo wa mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili. Fundi alipobana, mpira ule ulifunguka mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Ulikuwa umekatika karibu mzunguko wote. Alipoachia, ukafumba, na kwa macho ya kawaida ungesema ni mzima. Akafanya hivyo upande wa pili: mdomo uleule. Kisha akatuonyesha shokapu ya nyuma kulia, imelowa oili kuanzia katikati mpaka chini na vumbi limeganda juu yake.

Hiyo ndiyo siri ya magari haya yote mawili, na ni siri ya Mark X zaidi. Mikono mingi ya nyuma inafanya kazi nzuri kwa sababu kila mmoja una bushi zinazoshika pembe ya tairi. Mikono mingi, bushi nyingi. Zikiwa nzima, gari linakwenda ulikolielekeza. Zikikatika, tairi ya nyuma inaanza kuamua yenyewe: unapokata usukani inageuka kidogo kivyake, unapokanyaga mafuta inageuka upande mwingine. Ni milimita chache tu, lakini kwa 90 dereva anahisi kama kuna mtu mwingine anayeendesha kutoka kiti cha nyuma. Kuyumba kwa mkia nilikokuona njia ya Ndanda kulikuwa ndiko huko. Mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka, hata gari likiwa limeegeshwa, na matuta na mashimo yetu yanamalizia kazi.

Kulikuwa na kosa la pili. Aliyemuuzia alikuwa amelinyanyua gari kwa kuweka spesa juu ya springi, ili lisiguse chini. Ninaelewa kwa nini watu wanafanya hivyo, ukishaingia vijijini kufuata korosho utajua. Lakini gharama yake iko kwenye kona. Uzito unapanda juu, kwa hiyo gari linalala zaidi. Mikono iliyobuniwa kukaa karibu usawa sasa imeinama, bushi zimejipinda hata gari likiwa limesimama, na zinakatika mapema. Pembe za tairi zinabadilika, na alaimenti hairudi vizuri bila kazi ya ziada. Ukinyanyua, nyanyua kidogo, na ukubali kwamba umebadilishana kona kwa shimo.

Tairi nazo tulizisoma. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mbele alikuwa na tairi za karibuni. Nyuma alikuwa na za mtumba zenye kashata (mikato ya uso wa tairi) nzuri kabisa, ila zina zaidi ya miaka kumi. Kashata haisemi umri. Mpira mkongwe unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, haubani lami, na kuweka tairi zinazoshika mbele na zinazoteleza nyuma, kwenye gari linalosukumwa na tairi za nyuma, ni kuuomba mkia uchomoke.

GX110 yangu haikuwa na miujiza. Nilishafunga bushi za mikono ya chini na shokapu nne miaka miwili nyuma, springi ziko kimo chake, tairi zote ni za namna moja. Shemeji alikuwa analinganisha gari bora lililochoka na gari la kawaida lililotunzwa, akadhani analinganisha Mark X na GX110.

Kwa hiyo anayetaka kuyalinganisha haya mawili kabla ya kununua, usiishie kuzunguka mjini kwa 40. Omba upite barabara ya Mikindani, ile sehemu inayoshuka kuelekea ghuba. Achia usukani kidogo mahali palipo wazi na tambarare, uone kama gari linajivuta upande. Fungua kioo upite kwenye matuta ya rasta taratibu: bushi na shokapu zilizokufa zinasema, tena kwa sauti. Funga breki kwa nguvu kutoka 50 ukihakikisha nyuma hakuna mtu, uone kama pua inakwenda kushoto au kulia. Halafu ndipo ukanyage mafuta. Wauzaji wanapenda ukanyage kwanza, kwa sababu nguvu ndicho kitu cha mwisho kufa kwenye Toyota.

Shemeji alitoa spesa, akafunga bushi za nyuma zote pande mbili, shokapu mbili, tairi mbili, kisha alaimenti. Ilimchukua miezi mitatu kwa awamu, maana spea za kweli za Mark X hazipatikani kila duka hapa kwetu, nyingine ziliagizwa Dar es Salaam zikaja na basi. Arobaini ya marehemu ilishapita, lakini tulikuwa na safari nyingine ya Masasi mwezi wa nane.

Malori aliyapita kama kawaida yake. Nilitarajia kumkuta baada ya Nyangao, kona zinapoanza, nikapunguza mwendo kabisa nisije nikamkaribia ghafla. Sikumkuta. Nilimwona mara moja tu, mbele sana, gari limekaa chini kwenye kona ndefu ya kushoto, halilali, na taa za breki hazikuwaka.